Bata Bukini wa Parokia

Jumamosi, 8 Juni 1912
Nimeshinda! Kwenye majaribio ya kurusha kisahani, changu kimekipita cha Otto Bruhl kwa futi mbili. Meli ya kwenda mashindanoni Stokholm inang'oa nanga Ijumaa, na mimi nimo. Mama kalia kwa furaha mbele ya klabu nzima.

Jumatatu, 10 Juni
Barua ya kamati. Nimesimamishwa! Eti nilipokea zawadi, kwa hiyo si mwanamichezo wa ridhaa tena. Zawadi gani? Bata bukini! Mmoja! Wa pikiniki ya parokia mwezi uliopita, Padri Lenihan aliponiomba nishindane na vijana wake. Medali ruksa, kitu cha kuliwa marufuku. Upuuzi mtupu! Miaka sita nabeba matofali mchana, jioni narusha — halafu bata aniponze. Aliyenichongea ni Otto tu. Nikitoka, anaingia yeye.

Jumanne, 11 Juni
Nimemkaba Otto klabuni. Kocha Devane katutenganisha. Otto kanitazama tu: "Festus, acha wazimu. Soma gazeti la Jumapili."
Nimelisoma. Ni Mama! Mwandishi alikuja nyumbani kuuliza habari zangu, naye kamsimulia kisa chote cha bata, mpaka viazi alivyomwoka navyo. Nimepiga mlango ngumi, mkono umevimba. Mkono wa kurushia! Mjinga mimi.

Jumatano, 12 Juni
Kocha anasema kamati itatusikiliza kesho. Mama aseme bata alimnunua, mwandishi alikosea, yaishe. Nimemwambia Mama. Nimemfokea, kusema kweli: "Umeharibu mwenyewe, tengeneza mwenyewe!" Aliendelea kumenya viazi. Kisha akauliza kama Padri atakuwepo. Atakuwepo. Najichukia, na hasira haijaniisha hata kidogo.

Alhamisi, 13 Juni
Niko kwenye benchi, nje ya mlango wa kamati. Mama na Padri wako ndani. Kocha keshawaambia bata alinunuliwa; Katibu anamuuliza Mama alimnunua wapi.
Padri anakohoa. Sema sokoni, Mama! Sema!
"Kumnunua?" Sauti ile ile ya kuitana na majirani madirishani. "Nimnunue kwa nini, na mwanangu ana mkono ule? Alirusha mara moja tu, bwana! Moja! Waliobaki wakavaa makoti yao wakaenda zao!"
Basi. Kwisha mimi. Nimekunja ngumi, sijui nimpige nani. Naye hanyamazi! Sasa anawaonyesha ninavyozunguka kabla ya kurusha. Nasikia viti vinaburutwa, wanampisha azunguke —