Jibu la Mchungaji Miwani

Mpendwa kaka,

Salamu zangu zikufikie hapo karakanani, na zikukute mikono yako mizima, maana wewe ukijikata kidole tunampoteza fundi na msemaji kwa mpigo mmoja. Habari za huko? Wanafunzi wako viziwi wameshajua kupiga randa, au bado wanakumalizia mbao? Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua, kwa kuwa mkalimani hapewi kiti, lakini si la kulilia. Paa la nyumba ya marehemu mama linavuja palepale, na beseni lako lipo palepale.

Barua yako niliipata. Nimefurahi kwamba kanisa la huko litakusimika mwezi ujao uwe mwinjilisti wa viziwi, na kwamba unaandaa kijitabu cha mafundisho. Umeniomba niende kwa Mchungaji Miwani, nikuandikie neno kwa neno lile jibu alilompa Ustadhi kwenye mjadala, kwa sababu unataka liwe ukurasa wa kwanza. Nimekaa na ombi lako wiki tatu. Usiwalaumu watu wa posta.

Mjadala ule uliuona na mimi niliusikia, na hayo ni mambo mawili. Ilikuwa Jumamosi nne mfululizo, mchana, kwenye ukumbi ule wenye feni moja inayozunguka na tatu za kutazama. Wakristo walikaa kulia na Waislamu kushoto, kila upande na kipaza sauti chake. Viziwi wa dini zote mbili mlikaa pamoja mstari wa mbele, kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama alikuwa mmoja, mimi. Nimekalimani mijadala mingi ya namna hiyo na sijaona mtu aliyeingia na dini moja akatoka na nyingine. Anayeshinda hushangiliwa, anayeshindwa husema hakupewa muda wa kutosha, kisha kila mtu anakwenda nyumbani na Mungu wake. Wewe peke yako ulikuja kupima.

Ulikuwa umeshanieleza habari za Pini, yule fundi cherehani, kiziwi mwenzako, tuliyempa jina hilo kwa pini anazozibana midomoni akishona. Ulisema unampenda, kwamba yeye Uislamu wake hauachi, na wewe huwezi kusimama mbele ya Mungu ukasema usichokiamini ili upate mke. Kwa hiyo ungesikiliza pande zote kwa macho yako, na utakakoiona kweli ndiko utakakokwenda, hata kama ni kwa akina Pini. Nilikujibu kwamba ni vizuri. Uso wangu umezoea kazi, hauonyeshi ya kwangu.

Jumamosi ya mwisho Ustadhi aliuliza, kama Yesu ni Mungu, alipopiga magoti akasali alikuwa akisali kwa nani? Kisha likaja lile jibu ulilolishika mpaka leo: mtu mzima akimfundisha mtoto kutembea, huinama na kupiga hatua fupi za mtoto, na wala hajasahau kutembea, na aliyekuja kutufundisha kusali, alisali. Jioni ileile uliniambia umemaliza kupima. Ukamweleza Pini kwamba haitawezekana, na kabla ya miezi miwili kwisha ukachukua kazi mji wa mbali.

Basi, nilikwenda kwa Mchungaji kama ulivyoniagiza. Ofisi yake ni ileile, vitabu hadi dirishani. Nilimsomea jibu lile, na nakiri nilikuwa nikiomba akubali kuwa ni lake, maana watu husahau, nami niponee hapo. Alilisifu sana. Akaniuliza ni la nani. Alisema siku ile anaikumbuka vizuri kwa aibu: alipekua Biblia, akafuta miwani, neno halikuja, akaiambia kwaya iimbe. Ni mkweli kuliko mimi.

Kaka, jibu lile ni langu. Mchungaji alikuwa kimya na mikono yangu ikasema. Ndiyo maana viziwi wa mji huu wanalisimulia hadi leo, na wanaosikia hawalijui.

Na bado halijaisha. Kwaya ilipomaliza, Ustadhi alisimama tena, kwa upole, akasema kwamba aliyeunda kiti hahitaji kugeuka kiti ili ajue mguu upi umelegea. Nilijua maneno hayo yakimfikia seremala yatakaa. Nikashusha mikono nikajifuta jasho, kisha nikakuonyesha kwamba amerudia yaleyale.

Usidhani nilikuwa natetea Ukristo. Nilikuogopea wewe. Kutwa nzima nasema maneno ya watu wengine. Tangu mama afariki, wewe ndiye uliyekuwa umebaki wa kuzungumza naye maneno yangu. Niliona ukienda kwa akina Pini nitakupoteza. Sasa uko mbali, na nimekupoteza vilevile. Ninaona aibu, na ninaomba unisamehe, ingawa sikulazimishi.

Juzi nilikwenda kwa Pini kumwomba radhi yeye kwanza, kwa woga wa kuanza na wewe. Alitoa pini midomoni, akazichomeka kwenye kitambaa, akaniambia alijua tangu siku ileile. Wewe ulitazama mikono yangu. Yeye alitazama mdomo wa Mchungaji, nao ulikuwa umefungwa. Nikamwuliza kwa nini hakukwambia. Alisema angekwambia yeye, ungeona ni Mwislamu anavutia kwake. Neno hilo lilitakiwa litoke kwa mtu wa upande wako. Akanisubiri mwaka mmoja na miezi miwili. Kisha akaolewa. Ana mtoto wa miezi saba.

Sikwambii ushike dini gani, nilishakuamulia mara moja. Sasa unayo maneno ya mtoto na ya kiti, yote mawili, bila kupunguzwa. Ukiona la kwangu bado linafaa kijitabuni, liweke, lakini andika chini yake kwamba ni la dada yako. Na kama hutaki kusimikwa tena, au unataka zaidi, hilo ni lako na Mungu.

Mama mdogo anakusalimu na anauliza lini utakuja kumtengenezea kabati. Jirani wa mbele naye anakusalimu. Wafikishie wanafunzi wako salamu zangu. Pini nilimwomba anipe salamu zako nikuletee. Alirudisha pini midomoni, akaendelea kushona.

Ni mimi mdogo wako,
Kidoti