Kiti cha Dirishani

Fittja, Jumanne

Japhet wangu,

Kifua kinaendeleaje huko Jordbro? Kunywa tangawizi, acha ubishi.

Jana nilitazama na Asteria tamthilia ya wazee wawili wa kiume wa visiwa vya Karibi wanaopendana kwa siri. Mbele za watu kila mmoja hukaa upande wake, kama sisi kila Jumapili hapa kwangu. Binti yangu huyo, anayekuita baba mdogo tangu utotoni, akauliza, "Baba, mbona wanajitesa hivi?" Nikasingizia chai, nikakimbilia jikoni.

Niliporudi, kiti chako cha dirishani kilikuwa kando ya changu. Asteria ndiye aliyekisogeza, na mimi sijakirudisha. Jumapili njoo ukikalie.

Wako, miaka thelathini sasa,
Gervas