Jiko la Vidonge Haliondoki

Alhamisi, Mji wa Kale. Mawingu yamefunga tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi, ni fukuto tu, nguo zanigandia mgongoni. Nina masizi mpaka ndani ya kucha, kidole kimeungua, na leo sitaki mtu yeyote aniambie nipumzike.

Nimepumzishwa mwaka mzima. Nimechoka kupumzishwa.

Wanaonijua wanajua kwamba nilikuwa nachoma mishikaki hapa mlangoni petu. Nilianza nilipoachika, na kwa mkaa ule nimelea mtoto mpaka akaolewa. Mtaa mzima huu umekula mkononi mwangu. Kisha kifua kikaanza. Daktari akaniambia wazi: moshi wa mkaa na mafuta yanayodondokea motoni ndiyo yanayonimaliza, na nikiendelea hivyo nitakuja kutafuta pumzi nisiipate. Nikaacha.

Kaka yangu Athmani, mkubwa wetu, alifurahi mpaka akashindwa kujificha. "Tulia, Mishi mdogo wangu. Chakula utaletewa." Anasema kwa mapenzi, hilo sikatai. Lakini mimi nikae kitako ningoje sahani iliyofunikwa? Mimi?

Ndipo nikasikia habari za jiko la vidonge. Ni sanduku la chuma lenye mfuniko na magurudumu, wala halijui mkaa. Linakula vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ukiviona utadhani ni chakula cha kuku. Unavimimina kwenye tangi la ubavuni, parafujo ndefu inavisukuma polepole mpaka kwenye kikombe cha moto, na humo kuna kijiti cha chuma kinachopata moto kwa umeme na kuviwasha. Feni inapuliza. Wewe unachagua joto unalotaka, jiko lenyewe linaongeza au kupunguza vidonge. Moshi ni mdogo na unatokea kwenye bomba, mimi nasimama kando. Nilimwonyesha daktari picha yake kwenye simu, akaitazama sana, akasema hilo afadhali.

Nililipata Shimanzi, kule karibu na bandari, Jumamosi iliyopita, kwenye godauni moja la vitu vilivyotumika vinavyokuja na kontena kutoka ng'ambo. Tulilijaribu palepale, likawaka vizuri. Muuzaji akanipa na transfoma yake, maana umeme wa huko lilikotoka si kama wetu. Sikumuuliza lilikuwa la nani wala lilichoma nini. Niseme ukweli, sikuuliza kwa sababu sikutaka jibu.

Jioni ileile Bi Rukia, jirani yetu anayeoza mwanawe Jumamosi hii, akaja kuniagiza nyama ya walima. "Nautaka mkono wako, Mishi, si wa mtu mwingine," akaniambia. Wallahi nililala nikitabasamu.

Jumatatu nikalichomeka uani, Kaka Athmani amesimama mikono nyuma. Feni ikavuma. Parafujo ikaguna, ikanyamaza. Tukangoja. Hata harufu ya moshi hakuna. Kaka akacheka, si kwa ubaya, lakini alicheka.

"Umeuziwa sanduku," akasema.

Nikamjibu, naye akanijibu, na mimi ulimi wangu nikikasirika haushikiki. Mwisho tukakubaliana hivi: nikifika Alhamisi baada ya alasiri jiko hili halijachoma nyama ikaiva sawasawa, yeye anakuja na mkokoteni kulitoa, Bi Rukia anatafutiwa mchomaji mwingine, na mimi sichomi tena maishani. Nikampa neno langu mbele ya Mama, ninayekaa naye hapa. Loo, Mishi!

Jumanne nikalifungua. Ufundi wa umeme siujui, lakini jiko nalijua. Likikataa kuwaka, ama halina moto, ama halipati chakula, ama halipati pumzi. Pumzi ilikuwapo, feni nilikuwa naisikia. Nikaondoa wavu wa kuchomea na bati la kukinga mafuta, nikainama na tochi ya simu.

Kikombe cha moto kilikuwa kimejaa tope.

Tope, jamani! Limekauka, limeziba vitundu vyote vya hewa, na kijiti cha kuwashia kimezikwa humo. Kwenye tangi, vidonge alivyoniachia muuzaji vilikuwa vimelowa na kuvimba, vikawa uji, kisha vikagandamana kwenye parafujo. Ndiyo maana iliguna na kunyamaza. Nikajua bila shaka kwamba yule bwana wa Shimanzi amenibadilishia jiko. Nikavaa buibui langu niende nikampe maneno yake.

Mama alikuwa ukumbini akichagua mchele. Akaniuliza naenda wapi na uso ule. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa.

"Tope hilo ni langu. Nililiosha."

"Uliliosha vipi, Mama?"

"Mara saba, moja ya udongo, mpaka ndani ya matumbo yake. Mbona wanitumbulia mato? Chombo chatoka kwa watu tusiowajua, huenda kimechomewa nguruwe. Wataka kuwalisha watu najisi?"

Kumbe Jumapili, nilipokwenda Biashara Street kutafuta leso za harusi, Mama alivuta mpira wa maji uani akalitoharisha jiko langu kama inavyopasa, tangi na parafujo na kila tundu. Hakuniambia kwa sababu kwake halikuwa jambo la kuambiana. Chombo cha namna ile kikiingia nyumbani kinaoshwa, basi. Alhamdulillahi kilikuwa hakijachomekwa kwenye umeme.

Nikakaa kwenye ngazi na buibui langu nikacheka, halafu nikalia kidogo. Nilitaka sana kukasirika, ila nilishindwa, maana Mama alikuwa na haki. Hata jiko lingewaka vipi, hapa mtaani swali la kwanza lingekuwa hilo, na mimi ningesimama mbele ya wageni wa Bi Rukia sina la kujibu.

Kaka aliposikia alidhani mambo yamekwisha. Mashine ya umeme imesuguliwa kwa udongo, nangoja nini tena? Nikamwambia nangoja Alhamisi.

Nikachukua vijiti vyangu vya mishikaki, vile vya chuma, nikaanza kuchokoa. Nikalegeza skrubu, nikaichomoa parafujo nzima, nikaikwangua mpaka ikang'aa, nikaianika darini pamoja na kikombe. Nilipovirudisha sikutia vidonge kwanza. Niliwasha kikombe kikiwa kitupu, nikakaa kukitazama kile kijiti cha kuwashia. Kikakaa kimya. Kikakaa. Kisha ncha yake ikaanza kuwa nyekundu.

Nikapiga kigelegele peke yangu uani. Mama akatoka mbio akidhani bibi harusi wa Bi Rukia amefika kabla ya siku yake.

Vidonge navyo vilinipa somo. Nilikuwa na mfuko mwingine, nimeuweka chini umeegemea ukuta, na kuta za nyumba hizi za kale zinatoka jasho mwaka mzima. Kidonge kizuri ukikivunja kinalia tak. Vya chini ya mfuko vilikuwa vinasagika vidoleni. Nikavitupa, vizima nikavitia kwenye ndoo za mafuta ya kupikia zenye mifuniko ya kubana, nikaziweka juu ya meza.

Jana, Jumatano, likawaka. Nikatia mguu wa mbuzi, nikachagua joto la wastani, nikatulia. Kibao cha namba kikawa kinaniambia jiko bado baridi. Nikasubiri. Bado baridi. Mara bomba likaanza kutoa moshi mzito, nikafunua mfuniko, na mguu wa mbuzi ulikuwa mweusi wa kutupwa. Moshi ukanipiga usoni, nikakohoa mpaka nikashika ukuta, Mama akaniletea maji.

Na nani aliyekuwa akiingia mlangoni wakati huohuo? Kaka. Hakucheka safari hii. Aliniangalia jinsi ninavyohangaika na pumzi, akageuka akaenda zake. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha Jumatatu. Jana jioni nilijiuliza kweli kama hii ni kazi au ni ukaidi tu. Nikaenda kulala nimenuna.

Leo nimeamka na jibu jingine, si lile nililolala nikilitafuta. Jiko linaunguza nyama huku linasema ni baridi. Basi linadanganywa. Linadanganywa na nani? Nikapapasa ukuta wa ndani nikakipata: kijiti chembamba kama penseli, ndicho kipimajoto chake. Kilikuwa kimevaa koti la udongo wa Mama uliookwa jana ukawa mgumu. Kwa koti lile kingejuaje kuna joto? Kikawa kinaomba vidonge, parafujo inaleta, kinaomba tena. Maskini, lilikuwa linafanya kazi yake kwa habari za uongo.

Nikalowesha kitambaa kwa siki nikakisugua. Hapo ndipo nilipoungua kidole, maana nilikuwa nimeliwasha kidogo asubuhi kulijaribu, na sikuwa na subira lipoe vizuri. Kisha nikatia ndani kile kipimajoto changu cha oveni, ninachotumia nikioka mikate ya mayai, nikalinganisha na namba za kwenye kibao. Zilipishana kidogo sana. Nikalisogeza jiko nyuma ya ukuta wa ngazi, kwa sababu upepo unaoingia kwa mlango wa uani ulikuwa unalipoza upande mmoja. Na nikajikataza kufunua mfuniko. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Mchoma mishikaki amezoea kugeuza na kuchungulia, na jiko hili kila ukilichungulia linapoteza joto na kuanza upya.

Baada ya adhuhuri nikaweka bega la mbuzi lililolala kwenye ukwaju, kitunguu thomu na tangawizi. Nikavuta kiti. Namba zikapanda, zikafika nilipotaka, zikatulia hapohapo. Mama akaleta kiti chake akakaa kando yangu kama tunaangalia sinema.

Alasiri ikaadhiniwa, tukaswali. Haukupita muda mlango ukabishwa. Kaka Athmani, na nyuma yake hamali na mkokoteni.

"Neno lako, Mishi," akasema.

Nilifunua mfuniko. Harufu ikajaa uani, hamali akasema mashallah kabla ya mtu kumuuliza. Nikavuta mfupa wa bega kwa vidole viwili ukatoka wenyewe, mweupe. Nikamkatia Kaka kipande, akala amesimama, akala kingine. Nilidhani tumemaliza.

"Tamu," akasema. "Lakini nalitoa. Jana nilikuona, Mishi. Sitaki kuja kukuzika kwa ajili ya nyama ya harusi za watu."

Kumbe haikuwa habari ya jiko kuwaka. Muda wote huu mimi nahangaika na parafujo, yeye anaogopa. Akamwashiria hamali aje ashike upande mmoja.

Mama akainuka kitini. "Athmani, chombo hiki nimekitoharisha kwa mikono yangu. Bi Rukia ameniuliza, nimemwambia wageni wake wale. Ukikitoa, na mimi nitoe."

Hamali akarudi nyuma taratibu. Mtoto wa watu, hakutaka mambo ya nyumba za watu.

Nikamsogelea kaka yangu. Nikamwambia nimekaa hapa tangu adhuhuri, jiko linawaka, muulize Mama. "Jana liliharibika, nikakohoa. Leo limetengenea. Umenisikia nikikohoa tangu uingie? Hebu nyamaza usikilize."

Akanyamaza. Sote tukanyamaza, feni inavuma, na kaka yangu ameinamisha kichwa ananisikiliza kifua kama daktari. Nikavuta pumzi mbele yake mpaka mwisho, nikaishusha. Nikavuta tena. Ya tatu nikaona macho yake yamelowa, akajifanya anafuta jasho. Akamlipa hamali ujira wake akamwambia aende. Nikamfungia yule kijana nyama kwenye karatasi aondoke nayo.

Kaka alipokuwa anatoka alisema kitu kuhusu kwenda kwa daktari kila mwezi, na yeye atanipeleka mwenyewe. Nimekubali. Nitakwenda, nitapimwa, daktari akisema punguza nitapunguza. Lakini lile neno la kuacha kuchoma nililompa Jumatatu nimelichukua tena, na silitoi kwa mtu mwingine.

Kesho naenda kuchagua mbuzi mwenyewe. Jumamosi nachoma mimi, mbele ya mtaa mzima. Kifua ni changu, moto ni wangu, na siku ya kuacha nitaichagua mimi.