Gesi ya Wageni

Waruguru, uko? Nimetoka matanga kwa kina Mbithi saa hii, Shauri Moyo.

Unajua hii baridi ya Julai ilimuingia mamake kifuani, siku nne akawa ameenda. Na Mbithi alimnunulia mtungi wa gesi tangu Mei, awe anachemsha maji ya kuoga na uji. Kila akipiga simu mama anamwambia, "Gesi inawaka, mwanangu. Mimi sina baridi."

Sasa leo kina mama wa kanisa wanataka kupika chai. Mbithi anainama awashe, na hawashi. Ameshika tu mtungi.

Sili haijatolewa. Ile sili ya plastiki, Waruguru, vile ilitoka dukani.

Akauliza, "Mbona hakuna mtu alimfungulia?" Ndipo Nthambi, yule jirani wa ukuta mmoja, akasema polepole, "Alikataa. Alikuwa analala na koti. Alisema hiyo ni ya wageni."

Ya wageni.

Mbithi aling'oa sili na meno, akafunga meko juu ya mtungi, akawasha. Sufuria kubwa. Chumba kikapata joto hadi watu wakavua sweta.

Na tukanywa. Mimi vikombe viwili.