Ndege Inashuka Nyuma ya Jiko Langu

Kalembe, Jumamosi, Julai 1966

Ukungu umeondoka mapema leo, na jua la kiangazi limekaa uani tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Na asubuhi hii hii nilikuwa tayari kufunga nguo zangu kwenye kitambaa na kurudi Sake kwa miguu.

Shajara yangu, nianze na lungo.

Tangu Zakaria anioe na kunileta huku milimani, asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Yeye ni mwalimu. Jua likichungulia, ameshashika njia ya shule. Mimi ni mtoto wa Sake, nimekulia karibu na soko, nimezoea kuamshwa na makelele. Hapa wanawake wananisalimia vizuri, kisha wanapita. Kwao mimi ni bibi ya Mwalimu, basi. Niseme kweli: upweke ulinishika mpaka nikaanza kuongea na sufuria.

Ndipo nikachukua lungo letu lililotoboka, lile la kupepetea nafaka, nikaliweka juu ya kisiki nyuma ya jiko. Nikamwagia makapi ya ulezi na vipande vya ndizi mbivu. Kesho yake ndege wakaja. Wadogo wa kahawia wenye tumbo jeupe, wanaogombea chakula kama watu wa harusini. Wa manjano wanaofuma viota migombani. Wenye mkia mrefu, wezi wa ndizi. Na yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia, ambaye jirani zetu wanaosema Kinyarwanda wanamwita inyamanza, na hakuna anayemtupia jiwe. Huyo hapandi kwenye lungo, anatembea chini kwa heshima zake.

Nawasalimia mmoja mmoja. Zakaria hajui.

Juzi kisimani, Mama Esteri, mke wa katekista, ambaye wanawake wote wanamfuata, aliniuliza kwa nini siendi shambani mapema na wenzangu. Nilifurahi kuulizwa hata nikasahau aibu.

“Asubuhi nangojaka ndege, mama,” nikamwambia. “Inakuyaka nyuma ya jiko yangu.”

Akatua mtungi wake. “Kila siku?”

“Kila siku, kama hakuna mvua.”

“Inatokaka wapi?”

“Ku pori, upande wa Walikale.”

“Na sisi tunaweza kuya kuiona?”

Nusura nimkumbatie. Nikamwambia waje wote Jumamosi.

Nilipaswa kukumbuka chumvi.

Tangu malori yaadimike kwenye barabara ya Sake, chumvi ndiyo habari ya kila mdomo. Tunakula sombe, majani yetu ya muhogo, bila ladha, na hakipiti kitambo bila mtu kusema amesikia kwamba serikali italeta chumvi kwa ndege. Lakini pale kisimani sikuwa na chumvi kichwani. Nilikuwa na furaha ya kupata mtu.

Basi leo nikafagia uani, nikapika uji wa mtama sufuria kubwa, nikangoja. Nilitegemea wanawake wachache. Ikaja nusu ya kijiji, kila mtu na kikapu chake. Nikadhani wananiletea zawadi, moyo ukavimba. Nyuma yao akaja Papa Bauma, kapita, mkuu wa kijiji chetu, amevaa kofia yake ya kanisani. Hakuketi. Alizunguka jiko, akatazama migomba, akatazama mteremko, akakuna kidevu.

“Mama Mwalimu, kiwanja hii iko kidogo sana. Ndege itashukia wapi?”

“Inashukaka ku lungo, papa.”

Nikaona macho yanakwenda kwenye lungo, yanarudi kwangu. Nikaona vikapu ni vitupu. Hapo ndipo akili yangu ikafika.

Na ndege wenyewe, bila kungoja nijipange, wakashuka. Kundi zima la wale wa kahawia, moja kwa moja kwenye ulezi, wakaanza kugombana.

“Njo hii ndege?” Mama Esteri akauliza taratibu.

“Njo hii, mama.”

Mmoja nyuma akasonya. Mwingine akasema ameacha muhogo wake juani bila mlinzi, kumbe bibi ya Mwalimu anawachezea. Hapo niliogopa kweli. Kijiji kikikupa jina la mwongo, hulifui likatoka. Nikasema lililo kweli.

“Sikudanganya. Asubuhi yote niko peke yangu hapa. Nilifikiri munakuya kuangalia pamoja na mimi.”

Nilitamani ardhi inifiche.

Ndipo inyamanza akatoka migombani, akatembea mpaka kwenye kiatu cha Papa Bauma, akasimama hapo anatikisa mkia. Papa Bauma, ambaye hufokea hata mvua, akaganda mahali pake, hathubutu kupumua. Pua ikamsaliti. Akapiga chafya moja, na ndege wote wakaruka na kutoweka.

Akavua kofia.

“Musikie,” akasema. “Ile ndege ya vita ikipita juu, sisi njo tunakimbia mu migomba. Leo njo mara ya kwanza ndege inatukimbia sisi.”

Mama Esteri ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaketi juu ya kikapu chake, kikapu kikapasuka, wakacheka wote, hata yule wa muhogo. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Uji ukaisha. Tukakaa kimya ndege warudi, na waliporudi tukaanza kubishana nani ni mke wa nani. Mama mmoja alisema hao wa manjano amewafukuza kwenye mtama tangu utoto na hajawahi kuwatazama usoni. Akaona ni wazuri. Kisha akasema wakimgusia mtama wake atawapiga vilevile.

Chumvi bado hatuna. Lakini Jumatatu Mama Esteri atanipitia na jembe lake, twende shambani pamoja.

Zakaria aliporudi nikamsimulia, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha ualimu ukamrudia. Ndege mwenye manyoya, akasema, “anakuja.” Ndege yenye injini, “inakuja.” Mimi kuandika naandika kama masista walivyonifundisha, lakini kusema nasema kama watu wote hapa, na kwetu zote mbili “inakuya.”

“Ungesema ‘anakuja’,” akaniambia, “hakuna mtu angekosea.”

Ni kweli. Na hakuna mtu angekuja.