Plei na Prei

Alhamisi, mvua

…na kosa lenyewe ni langu, humu shajarani naweza kukiri.

Mpwa wangu Atupele anafanya mtihani wa mwisho wa fasihi ya Kiingereza Jumatatu. Juzi nilimsomea daftari la kuazima, yeye akinakili. Nikajigamba kwamba wageni wa mgodini Kiwira walikuwa wakiniuliza mimi Kiingereza kikiwashinda. Mgodini nilibeba mbao siku tatu tu.

Leo mwalimu karudisha insha yake. Kila penye "plei", yaani tamthilia, Atupele kaandika "prei", yaani kusali, kama nilivyomtamkia. Sisi Wanyakyusa tunachekwa kwa kutamka l kila mahali, nikadhani r ndiyo usomi.

"Mjomba, mwalimu kauliza kama wahusika wangu wote ni walokole!"

Akacheka, kisha akalia. Akifeli, mama yake anampeleka kuchuma chai. Ikabidi niseme kweli: niliishia darasa la tano.

Akafuta macho. "Basi kesho nikueleze hadithi ya hiyo tamthilia kwa Kiswahili. Wewe ukielewa, najua nimeiva."

Nimekubali. Ila nikamwambia darasa la tano la enzi zetu ni sawa na chuo cha sasa. Hakubisha. Kanionea huruma, huyu mtoto.