Nilisugua Kioo kwa Kuzungusha

Mume wangu mpenzi, wewe uliye mbali huko Kinshasa,

Barua yako imefika. Kabla ya kuifungua niliilaza kifuani. Mvua inanyesha juu ya ziwa, mtaa wetu wote wa Nguba umejaa ukungu, nami ninaota mchana, macho wazi.

Unakumbuka juma letu la kwanza katika nyumba hii? Ulileta kutoka shuleni ulikokuwa ukifundisha vipande viwili vya kioo na kichupa cha dawa nyeupe kama maziwa. Ulisema inatiririka kama maji, lakini chembe zake ni kama vijiti vinavyopenda kulala upande mmoja. Ukisugua kioo kwa kitambaa, zile zinazokigusa hufuata njia ya kitambaa. Ukanipa kazi hiyo. Nami nikasugua kwa kuzungusha, kama tunavyosafisha kioo cha taa! Ukatia dawa kati ya vioo, ukang'oa vioo vya miwani yako ya jua, kimoja ukakiweka chini, kingine juu kwa kukingama ili rangi zionekane, ukachungulia.

"Citoyenne! Umefanya nini hapa? Iko duara tupu!"

"Si ulisema nisugue? Nimesugua na mapendo yote."

"Mapendo iko inazunguka hivi?"

"Kwetu Kadutu, ndiyo!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikachungulia mimi. Ee, mpenzi! Mkono wangu ulikuwa umejichora ndani ya maji, miduara yenye rangi, inametameta kama inapumua. Ukaegemeza kidevu chako begani mwangu, ukaeleza polepole: zinazogusa kioo hutulia, za katikati hutetemeka bila kupumzika, ila kila moja humfuata jirani yake. Vioo vikikaribiana, mtetemeko hupungua. Vikiachana sana, za katikati hujisahau.

Sasa wamekupa mwaka mwingine wa masomo, nawe unaniuliza ukubali ao urudi. Kubali, mpenzi. Lakini sitakungojea kijijini Luhwindja kwa mama yako, kama mlivyopanga. Mwaka mzima mbali nawe nitatetemeka mno. Nimeuza cherehani ya harusi, nimekata tiketi ya ndege. Usinigombeze.

Nilimwambia maman, mama yako, nikiwa na hofu. Akaniangalia, halafu akasema:

"Ukifika, umuambie anenepe. Na wewe pia."

Akaanza kunifungia sambaza zilizokauka, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Nitaondoka uwanja wa ndege wa Kavumu Jumanne. Tafuta kitanda kipana.

Wako wa moyo wote,
Mke wako